Gundi ya Unga wa Muhogo

Kazi yangu ni kubandika.
Sisaini, sigongi mhuri, sijui kilichoamuliwa huko juu.
Nakoroga unga wa muhogo kwenye kopo la rangi,
nasubiri uvutike kama bamia,
natoka na brashi hadi kwenye ubao,
hapa ofisi ya kata, Kayenze,
ambapo upepo wa ziwa unanuka dagaa hata Jumapili.

Jumatatu limekuja TANGAZO KWA UMMA.
Ndugu wananchi, mnakaribishwa kutoa maoni
juu ya rasimu ya kanuni za mialo na uanikaji wa dagaa.
Maoni yawe kwa maandishi. Nakala tatu.
Mwisho wa kupokea, tarehe kumi na nne.
Nikatazama kalenda ya duka la mbegu:
leo kumi na saba.
"Nibandike?" nikamwuliza mtendaji.
"Wewe bandika. Isije ikasemwa hatukubandika."

Nikabandika,
juu ya lile la mikopo isiyo na riba:
katiba ya kikundi, muhtasari wa kikao,
akaunti ya benki, andiko la mradi,
picha ndogo za wanachama, nyuma kitambaa cha bluu.
Nyabise aliuza ndoo mbili apate bluu hiyo.
Hakucheka pichani; aliambiwa serikali haitaki meno.
Kikundi chao kinaitwa Tusichoke.
Wamechoka mara tatu, na mara zote wamejisajili upya.

Chini ya la mikopo kuna la kipindupindu,
chini ya kipindupindu kuna mgombea wa zamani,
limebaki jicho lake moja, linachungulia.
Ubao wetu umenenepa kutuzidi.

Sasa, mbuzi wa Bugumba
wanaujua ubao huu kuliko diwani.
Hawasomi, wanalamba gundi,
na karatasi hufuata ulimi.
Jumanne wakala "Ndugu".
Jumatano wakala tarehe.

Ndipo watu wakaanza kuja.

Alitangulia Nyabise, mikono ina magamba:
"Andika. Mchanga ulio kwenye dagaa hatukuuomba.
Tupeni chanja, halafu mje mtupime usafi."
Akaja Kulwa Masalu kwenye baiskeli yake ya magurudumu matatu:
"Fomu za wenye ulemavu zinatolewa ghorofa ya pili.
Andika hilo tu. Usiongeze neno."
Akaja mtoto, ametumwa, anarudiarudia asisahau:
"Bibi anasema, aliyeandika kanuni,
mvua imewahi kumkuta ameanika?"
Akaja na mmoja, simtaji,
kuuliza kama maoni yanalipwa.

Mimi mkono wangu ni wa brashi, kalamu inaniteleza.
Niliandika nyuma ya matangazo ya chanjo yaliyobaki,
nakala moja, mbili, tatu,
na lile la bibi nililiandika kwa herufi kubwa
ingawa hakuna aliyeniagiza.

Mtendaji akazipindua karatasi, mbele chanjo, nyuma watu.
"Tarehe imepita, Lugata."
"Tarehe imeliwa, mkuu."
Akacheka. Akaacha kucheka.
Dirishani Kulwa alikuwa bado anageuza baiskeli,
mbele, nyuma, mbele, uwanja una mashimo.
Mtendaji akaufungua mhuri,
akaupulizia pumzi kama apozaye uji,
IMEPOKELEWA,
na kwenye vile vinukta vya tarehe
hakuandika kitu.

Sasa ni wiki ya sita.
Jibu halijaja. Limekuja tangazo lingine:
ruzuku ya vizimba vya samaki, waombaji wajitokeze,
mwisho juzi.

Nakoroga unga.
Mbuzi wamelala kivulini mwa tangi la maji,
mmoja ameshanyanyua shingo.
Napaka gundi nyembamba juu, nyembamba pembeni,
na pale penye tarehe
naichovya brashi mara mbili.