Ukurasa wa Mia Mbili na Kumi na Moja

Mwalimu Nandonde,
kitabu ulichonituma nikipime, nimekipima.
Uliuliza neno moja: kinamfaa anayeanza?
Nisamehe, jibu limekuwa refu kuliko swali.

Kwanza nilikisoma mwenyewe, usiku, umeme ulipokuwapo,
nikakiona kinateleza kama mlenda.
Nikashika kalamu nikuandikie: kinafaa, nunua arobaini.
Kisha nikajishtukia.
Miaka kumi na tisa nakata picha za pasipoti hapa Newala,
vidole vyangu vinajua njia gizani.
Mwenye shibe apewe kuonja chakula cha mwenye njaa?

Nikampa Somoe Nampembe, wiki yake ya pili dukani,
ambaye bado anashika kipanya kana kwamba kitamng'ata.
Nikakaa nyuma yake na chai, mdomo nimeufunga.
Hilo lilinishinda kuliko kusoma.

Ukurasa wa tatu: "Kama unavyojua, picha ina matabaka."
Somoe akageuka: "Najua?"
Nikanywa chai.
Akajijibu: "Kama korosho. Ganda, ngozi, halafu yenyewe."
Mwandishi hakuandika hivyo. Laiti angeandika.

Ukurasa wa kumi na nane: zoezi la kung'arisha theluji.
Theluji yetu ni ukungu wa Juni, wala hatuung'arishi,
tunausubiri upite ndipo tutoke nje na kamera.
Na diski ya mazoezi iliyobandikwa jaladani,
kompyuta yangu haina mdomo wa kuilia.

Lakini hayo madogo.

Alhamisi akaja Bwana Chilumba wa Kitangari
na picha ya mama yake, ndogo, imekunjika pembeni,
anataka ikuzwe iwe ya ukutani, kabla ya arobaini.
Somoe akaomba aifanye yeye. Nikamwachia.
Kitabu wazi pajani, ukurasa wa hamsini na sita:
"Usoni, ondoa mikwaruzo, makovu na madoa yote."
Msichana mtiifu. Akaondoa yote.
Mkunjo wa karatasi ukatoka, vizuri.
Kisha kwa mkono uleule, kwa utii uleule,
akafuta nembo za kwenye paji,
akashuka shavuni, mstari baada ya mstari,
zilizochanjwa barabara haijafika bado,
mpaka tundu la ndonya juu ya mdomo likafumba.

Tukabaki na bibi laini, wa popote,
anatutazama kama mgeni aliyekosea nyumba.

Chilumba hakupiga kelele.
"Huyu sasa ni nani?"

Somoe akakishika kitabu atafute njia ya kurudi.
Akafungua mbele, akafungua nyuma,
jasho likadondokea picha ya farasi.
Faharasa hakina.
Njia ipo, Mwalimu. Niliitafuta usiku ule nikaipata:
"Kutendua", ukurasa wa mia mbili na kumi na moja,
baada ya vivuli, baada ya herufi za dhahabu,
baada ya jinsi ya kumpandisha mtu farasi asiyewahi kumwona.

Lugha yetu haikumfanyia mtoto hivyo.
Ilimpa funga, papo hapo ikampa fungua;
kunja na kunjua, ziba na zibua,
havikulala vijiji viwili.
Anayejifunza kutenda
mpe kutendua siku ileile, asubuhi, kabla ya uji.

Nilinyoosha mkono, vitufe viwili tu.
Tundu la ndonya likafumbuka kwanza,
kisha shavu, mstari kwa mstari,
kisha paji.
Hata mkunjo wa karatasi ulirudi. Chilumba akasema uachwe.

Basi nunua kumi, si arobaini.
Nitakaa navyo na wembe na gundi:
ukurasa ule wa nyuma nitaubandika mbele,
"kama unavyojua" nitaipaka wino.
Ila ule wa hamsini na sita sijui niufanyeje.
Somoe aliniuliza, picha inatoka kwenye printa,
ile mistari ya shavuni ilikuwa inasema nini.
Nikamtazama Chilumba. Chilumba akaitazama picha.
Chai yangu ilikuwa imepoa.