Utepe wa Kumi na Mbili

Oulu, Januari. Jua limechungulia saa nne asubuhi,
na kabla ya saa tisa limekwisha kuaga.
Saimi anamvua mwanawe soksi za mikono
anazomfunga usiku asijikune.
Aava ana miezi minane, ukurutu viwiko vyote viwili,
na ananitazama kama mdai anavyomtazama mdaiwa.

“Mtamkata?”
Hapana. Zamani tulikata.
Mimi mwenyewe nina alama pajani, duara, sawa na punje ya dengu,
ya mwaka ule daktari alipotaka kujua
ngozi yangu inasema nini
akaing'oa ulimi.

Leo nina utepe tu,
unaonata kiasi cha stempu iliyolambwa.
Nabandika. Nahesabu hadi kumi. Nabandua.
Wa kwanza hutupwa: umebeba mafuta ya mama,
sabuni, nyuzi za blanketi. Salamu za mlangoni.
Kufikia wa sita
ngozi inaanza kusema ya ndani.

Nikiri: muda mrefu hatukuielewa.
Kidole cha Reijo kizito, changu chepesi;
alichookota yeye Jumatatu
mimi sikukiona Alhamisi, mkono uleule.
Gundi nayo ikayeyuka pamoja na protini,
tukasoma gundi tukadhani ni ugonjwa.
Miezi mitano.
Tukaiandikia na ripoti.

Ndipo Reijo akatoa gerejini kwake
springi ya pikipiki iliyokufa,
akaitia ndani ya bomba la plastiki:
kikandamizi kisichojua kimeshikwa na nani.
Gundi tukabadilisha mara nne. Ya nne ikatii.

Aava anacheka utepe wa tisa unapobanduka gotini.
Wa kumi anajaribu kuula.
Wa kumi na moja unamkuta amelala,
kinywa wazi, hajatoka hata tone la damu.

Wiki mbili baadaye nampigia mama yake.
Kiwiko tulikijua, kila mwenye macho alikijua.
Lakini goti, lile goti jeupe, laini,
ambalo bibi yake hulibusu,
protini ya kushikiza ukuta ni haba
kama saruji ya fundi mwizi,
na zile za kupiga kengele zimekwisha amka.
“Lakini halimwashi,” anasema Saimi.
Bado, nasema. Mpake na hapo. Mpake leo.
Ngozi huvutwa ingali mbichi.
Ananyamaza. Nasikia kifuniko cha mkebe kikifunguliwa.

Utepe wa kumi na mbili ulibaki siku ile.
Walipoondoka nilifunga mlango,
nikaubandika pajani, juu ya dengu,
nikakandamiza kwa springi ya Reijo,
nikahesabu hadi kumi.

Sijaupima.
Uko kwenye friji, nyuma ya sampuli za watu,
una tarehe, hauna jina.