Glavu Moja

Jumanne, Lerwick. Mvua ya ubavu inapiga vioo.
Tumeketi watu saba nyuma ya duka la sufu,
kila mtu na nakala yake, chai yake, na lake la kusema.

"Kurasa mia tatu," Osla analalama,
"na fundi saa hata busu hakuiba!
Mapenzi ni kikohozi,
na hawa hata koo hawakusafisha.
Alimvua glavu tu. Glavu moja!"

Tunacheka. Mhairi anatetea adabu za zama zile:
shangazi mlinzi, barua zilizofungwa kwa lakiri.
Mimi nahesabu biskuti.

Ndipo Ertie, mgane, asiyechangia neno tangu Septemba,
akafungua pale pale, akasoma taratibu:
vifungo vitatu, kimoja kimoja,
na kiganja cha bibi kikatoka
kina alama za mshono.

Akafunga kitabu.
"Merran alikuwa akinivua zangu hivyo hivyo,
nikirudi kwa kondoo, vidole vimekufa ganzi."

Chai ikapoa.
Osla akaurudia ukurasa, midomo ikimcheza,
kisha akauliza, kwa sauti ya chini,
kama mwandishi huyu
ana kitabu kingine.