Mizani ya Budadiri

Misimu kumi na mmoja nimenunua kahawa hapa,
na kila gunia liliniachia kilo mbili
zisizoandikwa.
Springi niliilegeza mwenyewe, kwa bisibisi,
usiku, mlango nimeutia komeo.

Jumapili nilikuimbia, Bwana. Sauti ya tatu.
Ukanyamaza.
Nikatoa mabati ishirini ya paa la kanisa;
mvua ya Masaba ikayapigia makofi,
Wewe hukupiga.

Juzi Nambozo alileta debe lake,
akautazama mshale, akacheka kidogo:
"Kwa mizani hii hata mapacha wangu wangekuwa njiti."
Akapokea pesa. Akaenda.

Sikulala.
Nilidhani toba ni machozi, na machozi ninayo tele.
Kumbe ulitaka bisibisi.

Basi alfajiri hii nateremka na daftari,
matope hadi magotini,
napiga hodi mlango wa kwanza.
Mbwa anabweka. Ndani mtu anauliza, "Nani?"

Nimezoea kujibu, "Mnunuzi."
Leo nijibie Wewe.
Mimi na mizani yangu tu mikononi mwako,
na mshale bado unatetemeka.