Kilima cha Bugando

Tulibadilisha plagi. Koili nne. Sensa ya hewa
iliyotoka Dar kwa basi, imefungwa gazetini.
Bado nikishika kilima cha Bugando
turbo inapiga mluzi, nguvu zinakatika,
na ile taa ya njano inanitazama.

Fundi Ngassa alilaumu mafuta,
akamlaumu Mjapani aliyelitumia kabla yangu,
mwishowe akanilaumu mimi na mguu wangu.

Shija, saidia fundi wake, hakusema neno.
Alikoroga Foma kwenye kopo,
akaupaka mpira wa turbo,
akajaza upepo kama anaziba baiskeli.

Kwenye mkunjo, chini ya klipu,
povu dogo likavimba,
likapasuka,
likavimba tena.

"Elfu nane," alisema, akinawa.

Laki sita yangu
ilikuwa imeshapanda kilima bila gari.