Pazia la Milimita Kumi

Mistari miwili, kila mmoja herufi nane.
Zaidi ya hapo karatasi inakataa.
Nimeipima chipu mgongoni kwa rula ya shule ya Lugano:
milimita kumi na mbili kwa kumi,
ndio uwanja wote nilionao.

Huku Tukuyu mvua haina adabu, inaingia bila hodi,
bati la kibanda linasemasema tangu alfajiri
na karatasi inajikunja pembe.
Kwa hiyo umeme ukiwepo nachapa zote kwa mkupuo,
ukurasa mzima,
halafu wembe,
halafu kibano cha nyusi nilichomnyang'anya Tusekile,
halafu pumzi naibana.
Ukipumua, lebo ya Katumba inaruka
inakwenda kukaa Masoko.

Mwisho tone la rangi ya kucha, ile isiyo na rangi,
wino usije ukalia.

Watu huuliza: mwanamke mzima, kutwa unakata vikaratasi?
Nawaambia, sogea uone.
Chipu hizi za zamani zina dirisha,
kioo cha mviringo, na ndani yake kitu kinameta
kama bawa la nzi.
Humo ndimo ilimoandikwa hesabu ya mzani:
nini kihesabiwe, nini kitolewe, nini kibaki kwa mwenye jasho.
Jua likichungulia humo siku nyingi, hesabu inafutika.
Hakuna moshi. Hakuna harufu.
Inasahau tu.
Lebo ni jina, ndiyo, lakini kwanza ni pazia.

Mwaka ule hatukuwa na pazia wala jina.
Chipu mbili mezani, pacha, miguu ishirini na minane kila moja,
na mzee Ambakisye akasema, "Nazijua hizi kama wanangu."
Akawachanganya wanawe.
Ile ya viazi, inayotoa kilo mbili za gunia na udongo,
ikaenda kupima majani ya chai.
Wiki tatu.
Sekela alifika na kilo kumi na nane, karani akaandika kumi na sita.
Kesho yake akaja na kumi na tano, ikasomwa kumi na tatu.
Alikuwa wa kwanza kusema
na wa kwanza kuitwa mwongo.
Aliambiwa mashine haina shangazi, haimpendelei mtu.

Ambakisye alipoligundua hilo hakula.
Aliuza jenereta, akashika daftari,
akazunguka vilima vile kwa miguu, mlango kwa mlango,
kilo mbili, kilo mbili, kilo mbili.
Aliporudi alivua viatu vyenye tope jekundu
akaniambia, "Tuzipe majina."
Basi.

CHAI.K07. VIAZI.02.
Shuleni tulifundishwa kipande cha shairi ni mizani nane,
ukizidisha moja mwalimu anagonga meza.
Sikujua kama nitaishi humo,
mizani ndani ya mzani,
nikipunguza jina la kituo kizima libaki konsonanti tatu.

Mzee tumemzika Juni, baridi ikiuma.
Kwenye droo yake, chini ya risiti na koili za risasi ya kulehemu,
nimekuta chipu moja, dirisha limezibwa kwa utepe mweusi,
limezibwa mara mbili.
Haina maandishi.
Nimeiweka kwenye kisomeo, ikatoa namba, kurasa za namba,
si chai, si viazi, si kahawa.
Labda ni kazi aliyoianza usiku.
Labda ni makosa yake aliyoyatunza asiyasahau.
Lugano anasema tuifute, chipu tupu zimeadimika,
dakika ishirini chini ya taa ya zambarau na inakuwa mpya.
Anasema kweli.

Nimechukua wembe.
Mstari wa kwanza: SIJUI.
Wa pili: USIFUTE. Herufi saba tu,
na ile nafasi ya nane nikaitilia nukta.
Rangi ya kucha haijakauka bado.
Nje kumeanza kunyesha tena, na mteja anagonga:
mzani wake, anasema, tangu jana unasoma sifuri.