Mgongo

Mimi ni Kakule. Jina langu halimo kwenye cheti chochote.
Andikeni basi hivi: mgongo.
Miaka kumi na minne Bauma aliutumia
kujifunza jinsi mtu anavyoanguka.

Mkeka wetu wa kwanza, pale Majengo,
ulikuwa turubai la msaada juu ya maranda ya mbao,
na chini ya maranda, lile jiwe jeusi
lililoshuka mlimani likiwa bado uji wa moto
likaimeza nyumba ya nyanya hadi kwenye linta.
Maranda huhama. Jiwe halihami.
Kila nilipopigwa chini nilijua kamili
ni pembe ipi ya jiko la nyanya nimeiangukia.

Asubuhi aliteremsha chukudu toka Kibati,
magunia manne ya viazi, goti moja ubaoni,
mguu wa pili ukiparua barabara,
na jioni mapaja yale yale yananijia mimi.
Kocha Ndoole alitupima kwa Mama Kavira, soko la Virunga,
kwenye mizani ya maharagwe:
"Sitini na tano na nusu. Nenda ukateme mate."
Bauma akatema. Akakimbia hadi Mugunga
ndani ya koti la plastiki, jua la saa saba,
akarudi mwepesi, mkali,
kisu kilichonolewa na njaa.

Mtindo huru, ndivyo wanavyouita.
Huru kushika miguu, huru kuvuta kifundo,
huru kupenya chini ya kwapa
kama mwizi aliyewahi kulala nyumba hiyo.
Uhuru wangu mimi ulikuwa kukaza shingo,
kujenga daraja, mabega yakiikataa ardhi,
nikihesabu: moja, mbili, nyanya, tatu.

Kinshasa alishinda. Tulisikia redioni,
betri zikafa kabla hawajataja pointi.
Yaoundé alishinda.
Algiers alipata fedha, akarudi na medali
na sabuni nne ndogo za hoteli.
Moja alinipa. Sijaiogea bado.
Tunis, viza ilikataa.
Mwaka uliofuata, Tunis tena, goti likakataa.

Halafu mlima ukapasuka mara ya pili machoni petu
na mji mzima ukatembea kwenda Sake:
watu, mbuzi, magodoro, cherehani.
Yeye kambeba mama yake
kwa mshiko ule ule alionibebea mimi kabla ya kunitupa.
Mama tu hakumtupa.
Alfajiri, kwenye majani yenye umande, akaniambia, "Njoo."
Nikaingia miguuni. Nikainua.
Mabega yake yote mawili yakagusa ardhi.
Hakuna filimbi. Ng'ombe mmoja alitazama.
Alibaki pale chini, akiiangalia mbingu bado nyekundu,
muda mrefu kuliko ulivyohitajika.
Sijui kama aliniachia.
Nina maswali mengi ninayoweza kumwuliza Bauma;
hilo naliogopa.

Jumapili iliyopita alivua viatu katikati ya mkeka
(siku hizi tuna mkeka wa kweli, wa bluu,
una nembo ya kampuni ya simu)
akaviacha pale, ndivyo wanamieleka wanavyoaga.
Wakubwa wakapiga makofi.
Mimi nilipiga kidogo, bega la kushoto haliinuki.
Hotuba ya pili haijaisha, viatu havipo.
"Mwizi! Mwizi!"
Bauma akacheka hadi akashika goti.

Nilimkuta nyuma ya ukumbi, binti mdogo wa Kavira,
miaka kumi na mmoja, viatu vikimpwaya kama mitumbwi miwili,
akijaribu kukamata mguu wa mtu asiyeonekana.
Kichwa kimeinama. Mgongo wazi kabisa.
"Utavunjika," nikamwambia.
Akanitazama kama wanavyotazama wanaojua wamekosea
lakini hawarudishi.

Nikavua shati.
Juu ya jiwe jeusi, hakuna maranda wala turubai.
"Shika hapa. Chini zaidi. Macho juu."
Nikampa mguu.